Jinsi Eliamini Alivyomkata Reginald

Ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wa milimani na wa tambarare, kwamba kuanzia saa hii Reginald, mwana wa karani wa stesheni ya Same, si rafiki tena wa Eliamini, wala hatakuwa rafiki yake tena, kizazi hata kizazi, amina.

Tamko hilo lilitolewa kwa sauti nzito, mkono mmoja kifuani, mbele ya hadhara ya mbuzi watatu. Mbuzi mmoja alikojoa. Wawili waliendelea kutafuna maganda ya ndizi. Reginald, ambaye ndiye hasa aliyepaswa kulisikia, alikuwa ndani anakoroma kwenye kitanda cha Eliamini, na mwenye kitanda alikuwa akilala chini juu ya ngozi tangu Jumatatu.

Kumkata mtu mbele ya mbuzi ni kazi nyepesi. Kumkata mbele ya uso wake ndiyo shughuli. Na Eliamini, kijana wa miaka kumi na sita aliyekwisha kumfungia kuku ndani ya dawati la kiranja na kuipaka gundi kengele ya shule, shughuli hiyo ilikuwa haijawahi kumshinda kwa sababu alikuwa hajawahi kuijaribu.

Walijuana bweni, katika shule ya misheni, vitanda vyao jirani. Mwaka wa kwanza Eliamini aliposhikwa na homa, Reginald ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima akamwimbia nyimbo za mazishi. Huyo ndiye Reginald: mgongo wa kukubeba na mdomo wa kukuzika. Mgongo ulibaki vilevile, lakini mdomo ulikuwa ukikua mwaka hadi mwaka.

Likizo iliyotangulia Eliamini alikaa siku nne kwa akina Reginald, pale stesheni, akila wali na kunywa chai ya maziwa. Kwa hiyo mama yake, Ruthi, ambaye mumewe alikuwa Tanga kwenye mkonge na hurudi Krismasi tu, alisema, "Mlete na yeye. Umekula kwao, aje ale kwetu."

Akaletwa. Walipanda lori kutoka Same, wakapita penye majaruba ya mpunga, wakashuka Gonja, wakaanza kupanda mlima kwa miguu, mchukuzi mmoja akiwabebea sanduku la mgeni. Katika kona ya tatu Reginald aliketi juu ya jiwe.

"Ndugu yangu, huku mnaishi na nani? Na nyani?"

Eliamini akacheka.

"Na nyani wenyewe wanashuka lini kununua chumvi?"

Akacheka tena. Hapo ndipo alipokosea, kwa maana mtu ukimchekea mara mbili anadhani umempa leseni.

Walipofika, Ruthi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Reginald akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Habari, mama." Basi. Mtoto wa miaka kumi na saba, kwa mama wa watu. Ruthi akajibu, "Marahaba, mwanangu, karibu," kana kwamba amesikia shikamoo iliyo kamili. Masikio ya Eliamini yaliwaka moto, akaingiza sanduku la mgeni ndani.

Jioni ile waliandaliwa makande. Reginald akachota kijiko, akakisogeza karibu na taa.

"Mama, siku reli ikipungukiwa na kokoto, nitamwelekeza baba huku."

"Maharage ya mwaka huu ni magumu kidogo," Ruthi alisema. "Ongeza mchuzi."

Siku zikaenda hivyo. Maji ya kuoga yalikuwa machache, kitanda kilikuwa na vijiti, mlima ulikuwa mrefu. Eliamini alikuwa akijiambia kwamba ni utani tu, na jioni akijiambia tena, na kila alipojiambia, neno hilo lilikuwa na uzito mdogo kuliko jana yake. Kisha ikaja Alhamisi. Siku hiyo wavulana walishinda sokoni Gonja, wakarudi jua likizama. Uani Ruthi alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na kwenye kamba kaptula ya kaki ya Reginald, aliyoifua yeye Ruthi asubuhi, ilikuwa imekauka. Reginald akaichukua, akaikagua.

"Eliamini," akaita, bila kupunguza sauti, "mwambie dobi wako hili doa bado lipo."

Mzigo wa majani haukutikisika. Ruthi alipita, akautua zizini, akaingia jikoni. Reginald akaingia kulala. Eliamini akaenda kwa mbuzi, na kilichotokea huko kimekwisha kuelezwa.

Baada ya tamko alimfuata mama yake jikoni. Ruthi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, mtu akikudharau, unamvumilia mpaka lini?"

"Nani amekudharau?"

"Si mimi. Wewe."

Ruthi akatupa jiwe dogo nje kupitia mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ameniudhi."

"Anajua."

"Sikukuuliza kama anajua. Nimekuuliza kama umemwambia."

"Mama, yule mtu ukimwambia kitu anakugeuza mchezo. Shule nzima itacheka mpaka mwezi wa kumi na mbili. Dawa yake ni kumkata tu."

"Mtu anakatwa akishaambiwa," alisema Ruthi. "Akiambiwa, akasikia, akarudia, hapo umkate, hata awe wa tumbo lako. Lakini kumkata asiyeambiwa ni kumkimbia." Akatikisa ungo. "Kesho asubuhi nina kazi. Nenda kalale."

Eliamini akaenda kulala juu ya ngozi yake, akasikiliza mkoromo wa mgeni, na badala ya kutafakari maneno ya mama akatafakari ndiva.

Ndiva ni bwawa la mawe na udongo, limejengwa na mababu juu ya mashamba. Usiku kijito hulijaza. Asubuhi Mzee Swalehe, mlinzi wake, hulifungua, na maji yote hushuka mferejini kwenda kwenye shamba la mwenye zamu. Nyumba ni tisa, na kila nyumba hupata maji siku ya tisa. Hakuna mtu mwingine anayegusa kizibo. Mtoto wa pale hujua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Na kuhesabu Eliamini alijua. Alikuwa wa pili darasani kwa hesabu. Alihesabu kwa vidole gizani. Leo, wakati wao wako sokoni, kwa hesabu yake ilikuwa zamu ya mama yake. Kesho ni ya Mzee Eliezeri, aliyekwisha kung'oa maharage yake yote na shamba lake lilikuwa tupu kama uwanja wa mpira. Maji ya kesho yangekwenda bondeni hata hivyo. Hakuna ambaye angeumia. Reginald angefungua ndiva, wazee wangekuja juu, mgeni angefukuzwa kabla ya lori la mchana, na Eliamini angebaki amesimama pembeni kwa huzuni, mikono nyuma, akiwa amemkata rafiki yake kwa kisu cha kuazima. Mpango ulikuwa mzuri mno. Alilala akitabasamu.

Kulipopambazuka alimwamsha mgeni. Jiko lilikuwa kimya. Mama alikwisha kutoka.

"Reginald, umechoka kuogea kibakuli?"

"Nimechoka kuogea kibakuli, nimechoka kulalia vijiti, nimechoka na kupanda. Kwa nini?"

"Juu kule kuna bafu la maji yanayoshuka yenyewe."

"Kama bomba?"

"Bomba ni mtoto."

Reginald akaketi kitandani. "Siku zote hizi umenificha bafu?"

"Ni la wakubwa. Twende kabla hawajaamka."

Wakapanda. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, kimya, ukungu ukitambaa juu yake. Eliamini alisimama mbali kidogo na kumwonyesha kwa kidole.

"Pale chini ya ukuta kuna gogo limezibwa kwa nyasi na udongo. Toa nyasi kwanza. Usilivute moja kwa moja, halitoki hata mkiwa kumi. Lizungushe kulia mara mbili, halafu livute kwa ubavu. Ukishalivuta, simama mbele ya tundu."

"Na wewe?"

"Mimi naleta sabuni."

Akajificha kwenye migomba upande wa pili wa korongo, ambako aliona kila kitu. Reginald alivua shati, akalikunja vizuri, akapiga magoti. Akang'oa nyasi. Akazungusha. Akavuta.

Maji hayakutoka kama bomba. Yalitoka kama ng'ombe dume aliyefunguliwa zizini. Yalimpiga Reginald kifuani, yakampindua, yakamburuta hatua kumi mpaka kwenye mawe, na kutoka chini yake ukapanda ukelele mwembamba ambao haukufanana kabisa na mtoto wa karani wa stesheni. Eliamini alitia ngumi mdomoni. Machozi yalimtoka. Alicheka mpaka akashika mgomba.

Kisha akaangalia chini, kufuata maji, akaacha kucheka.

Mtu alikuwa kwenye mfereji. Mbali, mahali mfereji unapoachana na shamba la mahindi, mwanamke alikuwa akikimbia na jembe. Alikuwa bado hajaweka udongo wa kuyageuza maji yaingie shambani. Nani angejiandaa kwa maji ambayo saa yake haijafika? Akakata bonge la udongo, akalitupa mferejini, maji yakalichukua. Akakata jingine, yakalichukua. Akaliacha jembe, akaingia mwenyewe mferejini, akajaribu kuyaziba kwa mikono na magoti, na maji yakampita huku na huku yakiteremka bondeni. Alikuwa na kanga ya njano. Eliamini aliijua kanga ile.

Kuna jambo ambalo wa pili darasani kwa hesabu hakulijua, kwa kuwa wiki mbili zilizopita alikuwa bweni. Bibi Ernesta, mmoja wa wazee wa pale, alizikwa wiki hiyo, na siku ya maziko hapamwagiliwi; zamu ya siku hiyo humngoja mwenyewe hadi kesho yake, na zote husogea siku moja. Leo haikuwa siku ya Eliezeri. Leo ilikuwa siku ya Ruthi, na mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele.

Pembe ya msaragambo ikalia. Ile pembe hulia watu wakiitwa kazi ya pamoja au pakiwa na balaa, na asubuhi ile kila mtu alijua si kazi.

Walikusanyika ukutani watu kama ishirini. Ndani ya ndiva palibaki tope na vyura. Reginald alikuwa amesimama na kaptula iliyolowa, magoti yakitoka damu, meno yakigongana. Ruthi alifika mwisho, tope mpaka kiunoni. Eliamini alitokea kwa njia nyingine, akipiga miayo kama mtu aliyeamshwa na pembe. Ule mwayo aliufanya kwa ustadi, na baadaye ulimwuma kuliko vyote.

"Nani aliyefungua?" aliuliza Mzee Swalehe. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mimi," alisema Reginald. "Lakini Eliamini aliniambia ni bafu."

Watu wawili watatu wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mtoto aliyekulia kwenye maji haya aseme ndiva ni bafu?" alisema Mzee Eliezeri. "Kijana, tafuta uongo unaotembea."

"Ni kweli, mzee. Mwulizeni."

Mzee Swalehe akageuka. Wote wakageuka. "Eliamini. Ulimwambia?"

Palikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, nayo ilikuwa pana. Lori lingeweza kupita. Eliamini aliwatazama vyura.

"Hapana, mzee. Nilimwambia asiguse."

Reginald akafungua mdomo.

"Basi," alisema Mzee Swalehe, polepole, kama mtu anayebeba kitu asichokitaka. "Mnajua taratibu. Angekuwa mtoto wetu, angezoa tope hili peke yake mpaka mawe ya chini yaonekane, na zamu ya nyumba yake isingeguswa. Lakini mgeni hatumpi jembe. Kosa la mgeni hulipwa na mwenyeji. Mama Eliamini, ya leo imemwagika, na mbili zijazo umezikosa."

Kila mtu pale alifanya hesabu ileile. Siku ishirini na saba bila maji. Mahindi yaliyotoa mbelewele hayangoji siku ishirini na saba. Hayangoji hata kumi na tano. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Loo" na kujishika mdomo.

Eliamini alimngoja mama yake akatae. Alimngoja aseme mgeni huyu ana kiburi, hana adabu, mwondoeni na makosa yake.

"Nimesikia," alisema Ruthi. "Mgeni ni wangu."

Kisha akamwendea Reginald. Alifungua kanga yake ya juu, ile ya njano, akamfunika mabega.

"Umeumia wapi?"

"Magoti tu, mama."

"Nitakuambia neno moja, kwa sababu naona hakuna aliyekuambia. Jana uliniita dobi."

Reginald akainamisha kichwa. "Nilidhani hukusikia."

"Ndivyo mnavyodhani. Nilisikia, na liliniuma. Nilisikia la kokoto pia, na la nyani kaniambia mchukuzi mliyepanda naye. Leo utakula kwangu kama jana. Kesho utashuka salama. Lakini ukirudi hapa na mdomo ule, hutaniona mlangoni, wala mwanangu hatakufuata kwenu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa." Akaishika kanga mabegani. "Nisamehe, mama."

"Haya."

Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Eliamini alisimama pale akiona jambo alilolikimbia wiki nzima likifanyika mbele ya watu ishirini, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyekufa wala aliyecheka. Alitamani watu watawanyike haraka.

Watu wakaanza kutawanyika. Lakini Mzee Swalehe alikuwa bado ameinama kwenye tope. Aliliokota lile gogo, akaligeuza, akalitazama vizuri. Halikuwa na mkwaruzo wowote.

"Ngojeni," alisema. "Kijana mgeni, njoo. Hili ulilitoaje?"

"Nimelivuta tu, mzee."

"Nionyeshe." Akalisukuma gogo mpaka likakaza tunduni, akashindilia nyasi pembeni.

Reginald akapiga magoti yake yenye damu. Aling'oa nyasi. Akalishika gogo kwa mikono miwili, akalizungusha kulia mara moja, mara ya pili, akalivuta kwa ubavu. Lilitoka kama jino la mtoto.

Chura mmoja akaruka.

"Mimi hilo la kuzungusha," alisema Mzee Eliezeri hatimaye, "nilifundishwa nikiwa na mke."

"Mgeni huyu mimi sikumfundisha," alisema Mzee Swalehe. "Ruthi, wewe ulimfundisha?"

"Sijawahi kusimama naye hapa."

Mzee Swalehe hakumtazama Eliamini. Hakukuwa na haja. Watu wote ishirini walikuwa tayari wanamtazama. Mwaka jana Swalehe mwenyewe alimwita Eliamini amsaidie kufungua alipokuwa anaumwa mgongo. Ruthi alilijua hilo, kwani ndiye aliyemruhusu. Akageuka taratibu, tope likimkauka mikononi, akamtazama mwanawe kama anavyoutazama ungo kabla ya kutoa jiwe.

Eliamini akaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu waheshimiwa," alianza, "kwa masikitiko makubwa, na kwa kuzingatia kwamba—"

"Acha hotuba," alisema Mzee Swalehe. "Sema."

Mkono ukashuka wenyewe.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia ni bafu. Nilipoulizwa nikasema hapana, nao ulikuwa uongo." Sauti ilikuwa ndogo, hakuitambua. "Nilidhani leo ni siku ya Mzee Eliezeri. Nilitaka mumfukuze ninyi. Nitazoa tope, mzee. Lote. Zamu za mama msiziguse."

"Tope utazoa," alisema Mzee Swalehe, "na zamu za mama yako hazitaguswa. Ya leo hata mimi siwezi kuirudisha."

Reginald alikuwa anamtazama kutoka ndani ya kanga ya njano. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Muda wote, tangu Gonja, ulikuwa unacheka."

"Niliogopa utanicheka."

Alingoja acheke. Reginald hakucheka.

"Ndiyo yote?" aliuliza Ruthi.

Eliamini angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu aliyekuwepo kwenye migomba ile, hakuna aliyeona, na tope lilikuwa tayari linamtosha.

"Hapana, mama," alisema. "Maji yalipokuwa yanatoka, nilikuwa kule ng'ambo. Nilicheka mpaka nikashika mgomba. Na nilipoona ni wewe uliye mferejini, sikuja kukusaidia. Nilizunguka kwa njia nyingine, ili ionekane natoka kulala."